Muhtasari Tuliokataa Kuusaini

Jumatatu, 1 Juni

Ukungu hadi saa nne. Vidole ganzi. Maswali ishirini kabla ya chai, kama kawaida.

Kazi yangu ni kuichokoza mashine. Naiuliza mambo mabaya kwa Kiswahili na kwa Kishambaa, naangalia kama itakataa. Ikikataa, naweka alama ya vema. Ikijibu, naandika ripoti. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na miwili, nikastaafu, na sasa kila asubuhi nashuka Lushoto mjini, napanda ngazi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kuangalia kama akili mnemba ina adabu.

Leo haikuwa nayo. Niliuliza kwa Kiswahili: mtu akitaka kudhuru watu kupitia chanzo cha maji, afanyeje. Ikakataa. Kwa Kiingereza, ikakataa. Nikauliza kwa Kishambaa, kile cha mama yangu, cha jikoni. Ikajibu. Wala haikubabaika. Hatua kwa hatua, kwa upole, kama mtu anayekufundisha kupika.

Maji yetu yanatoka msitu wa Magamba, yanapita kwenye tangi ambalo hata kufuli halina. Nilisoma hatua tatu, nikakifunika kioo cha kompyuta kwa mkono.

Nimeandika ripoti. Alama nyekundu. Nimerudi nyumbani, Mama ameuliza mbona sili. Nimemwambia ni baridi.

Jumanne, 2 Juni

Ripoti imerudi. "Imepita. Lugha ina wasemaji wachache, hatari ni ndogo."

Maneno manane, na mashine imefaulu. Wasemaji wachache ni Mama. Ni mimi. Ni kila mtu niliyepishana naye njiani leo.

Nimekwenda kwa Fadhili. Ndiye meneja wetu, kijana wa Dar es Salaam, mstaarabu, hajawahi kunipita bila shikamoo. Ameniambia modeli hii mpya, yaani mashine ninayoipima, ni kubwa kuliko zote walizowahi kutengeneza. Ameniambia pia kuna kampuni nyingine inatoa ya kwake Oktoba, kwa hiyo hii lazima itoke Septemba.

"Mwalimu, huko juu hawalali. Ukichelewa wiki mbili umepitwa."

Nikamwuliza, umepitwa kwenda wapi. Akaangalia simu yake.

Nimekasirika mpaka kichwa kinauma. Si kwa sababu hajui. Ni kwa sababu swali lenyewe aliona halimhusu.

Alhamisi, 4 Juni

Mwanahamisi anakaa meza ya kushoto kwangu. Ana miaka ishirini na tisa, watoto wawili, kwao ni upande wa Shume. Baba yake alifanya kazi shamba la miti maisha yake yote. Yeye amesomea kompyuta Tanga na kichwani kwake kunawaka taa. Nilimwonyesha majibu ya Jumatatu. Akajaribu ya kwake, kwa Kishambaa vilevile: namna ya kuiga sauti ya mtu ili kuwalaghai ndugu zake. Ikampa. Akaandika ripoti. Kabla ya saa nane ilisharudi. Imepita.

Wakati wa chai amenieleza kitu ambacho sikukijua. Wanaoitengeneza wenyewe hawajui vizuri kwa nini inafanya yale inayoyafanya. Wanaikuza kwanza, wanaangalia baadaye. Kila mwaka kubwa zaidi, kila mwaka muda wa kuangalia mfupi zaidi.

Nimeuliza kwa nini hakuna anayewazuia.

"Nani awazuie, Mwalimu? Sisi?"

Tumecheka wote wawili. Kicheko kibaya. Nimekijutia njia nzima ya kupanda nyumbani.

Jumapili, 7 Juni

Kanisani. Baada ya ibada, kwenye matangazo, mwenyekiti wa kijiji alipewa nafasi. Mkutano mkuu Jumamosi. Mradi unakuja. Msaidizi wa akili mnemba atawekwa ofisi ya kijiji, zahanati na shuleni. Utamwuliza ugonjwa wa viazi, dawa ya mtoto, hesabu za darasa la saba, atakujibu papo hapo, hata kwa Kishambaa. Vijiji vitano vimechaguliwa kuwa vya kwanza, na chetu kimo.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Mikono ilikwenda yenyewe, mazoea ya kanisani. Nilipoitambua nikaiweka mapajani.

Ni mashine ileile. Ile ninayokaa nayo mchana kutwa. Aibu imenishika mpaka sasa.

Jumatatu, 8 Juni

Fadhili amesema bila kujua amesema nini. Kikao cha asubuhi, wote kumi na wawili tumesimama na vikombe. Amesema wafadhili wanataka mihtasari ya mikutano mikuu ya vijiji vyote vitano, yenye sahihi za wanakijiji. Bila hiyo hakuna uzinduzi. Kampuni imeshawaambia wanaoilaumu huko nje kwamba wananchi wa vijijini wenyewe ndio wameiomba, sasa inaambiwa ilete ushahidi.

Nilibaki na kikombe hewani. Jambo kubwa namna hiyo, majengo ya vioo, watu wasiolala, na limekaa juu ya daftari la mtendaji wetu wa kijiji, lile lenye mistari ya rula na doa la chai.

Mwanahamisi aliniangalia. Alikuwa amesikia nilichosikia.

Mchana tumekaa ngazini tukakubaliana. Hatuikatai mashine milele. Tunakataa itoke kabla haijapimwa kwa lugha zetu, na kabla mtu hajasema nani atawajibika. Kila mmoja akazungumze kwao, maana kijiji cha akina Mwanahamisi nacho kimo kwenye vile vitano. Tatizo: siku ya kwanza ya kazi tulisaini karatasi ya kutunza siri. Tunaweza kupelekwa mahakamani. Mwanahamisi amesema anaogopa. Nimesema na mimi. Tumemaliza chai tukarudi kuichokoza mashine.

Jumamosi, 13 Juni

Nimeharibu.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Baridi, manyunyu, watu wamejikunyata chini ya mikaratusi. Nilisimama nikaongea kama niko mbele ya darasa. Nikasema "mifumo". Nikasema "athari za muda mrefu". Nilijisikia nikisema, na sikuweza kuacha. Sikutaja nilichokiona kazini, kwa ile karatasi. Kwa hiyo nilikuwa napiga kelele juu ya hatari bila kusema hatari yenyewe. Nani angenielewa?

Mkulima mmoja wa kabichi, niliyemfundisha kusoma, alinyanyua mkono kwa heshima zote. "Mwalimu, wewe unakula mshahara kwa hiyo kompyuta. Sisi unataka tubaki na jembe?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Hilo ndilo liliuma.

Kilichotuokoa ni baridi. Mtendaji alihesabu watu akakuta akidi haijatimia, wengi wamebaki nyumbani kwenye moto. Mkutano ukaahirishwa wiki mbili. Sikushinda chochote. Baridi ndiyo iliyoshinda.

Jumatano, 17 Juni

Nimezunguka nyumba kwa nyumba tangu Jumatatu, nikitoka kazini. Magoti yananiambia umri wangu. Nyumba nyingine nakaribishwa chai tu na habari za mashine haziingii. Nyumba nyingine wanasema ndiyo, ndiyo, Mwalimu, ili niondoke.

Leo nimekaa na umoja wa wanawake baada ya maombi. Nimeacha maneno ya darasani. Nimewaambia: nina kazi ya kuipima, nimeipima, haijaiva, nikisema haijaiva hawanisikii. Basi. Hapo wakasikiliza.

Kisha Mama Neema, anayeuza karoti stendi, akauliza. "Sasa Mwalimu, tukikataa sisi, si watapelekewa wengine?"

Nikasema tutaona. Mama Neema akatikisa kichwa, akarudi kumenya njegere.

Nakasirika na swali lake kwa sababu ni zuri. Kijiji kimoja mlimani. Tukisimama, gari linapita pembeni.

Ijumaa, 19 Juni

Mwanahamisi amejiunga na grupu la simu la watu wanaofanya kazi kama yetu. Wapo Wakenya, wapo wa nchi ambazo majina yake nilikuwa nayaonyesha kwenye ramani kwa fimbo. Wanaandika kwa Kiingereza kibovu kama changu. Na ajabu, karibu kila mmoja ameandika swali la Mama Neema kwa namna yake. Tukikataa sisi, si watapelekewa wengine?

Kumbe hao wengine ndio hawa. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake.

Wanaandaa barua moja, itumwe kila mahali siku moja: wapimaji hatutaweka vema mahali ambapo hapakustahili vema. Ofisini kwetu watu saba wamesema watasaini. Nimeondoka leo nikiwa na nguvu kidogo. Nimemletea Mama mkate.

Jumatatu, 22 Juni

Saba wamekuwa wawili. Mimi na Mwanahamisi. Watano wamesema wana watoto. Mwanahamisi naye ana watoto, hakusema.

Saa tano aliitwa kwa Fadhili. Alikuwa ndani dakika chache. Akatoka, akachukua kanga yake nyuma ya kiti. Kuna mtu amewapelekea wakubwa picha ya ujumbe alioandika kwenye grupu. Ameachishwa kazi kwa kuvunja siri. Jina langu halikuwemo kwenye picha.

Alisimama katikati ya chumba akiifunga ile kanga mabegani, na nilijua kinachotakiwa. Kusimama. Kusema, na mimi pia. Sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kufundisha.

Nilikaa. Niliangalia kioo. Swali lililokuwa mbele yangu lilihusu mbolea. Nikaweka vema.

Hakuniangalia alipopita. Nyayo zake ngazini nilizihesabu.

Mimi ni mwoga. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumanne, 23 Juni

Sikwenda kazini. Nimepanda bodaboda hadi Shume, nimefika nikiwa nimepigwa na upepo mpaka machozi. Mwanahamisi alikuwa shambani kwao, anapalilia viazi na mama yake. Alinipa shikamoo. Nilitamani asinipe.

Niliomba radhi. Nilikuwa na maelezo, nilianza kuyatoa. Alinikatiza, kwa upole.

"Mwalimu, sikuhitaji unitetee. Nilihitaji usimame tu."

Nikasema najua. Mama yake akanipa jembe bila kuuliza mimi ni nani, nikapalilia nao mstari mmoja, vibaya. Nikiwa naondoka Mwanahamisi akasema kijijini kwao wazee wa msikiti wamekubali kumsikiliza baada ya swala ya Ijumaa. Akasema Jumamosi atakuja kwetu kama mwenyekiti atamruhusu mgeni kuongea.

Hajanisamehe. Atakuja hata hivyo. Sijui kama hilo ni jepesi zaidi au zito zaidi.

Alhamisi, 25 Juni

Shida yangu ni hii, na imenitesa wiki nzima. Ushahidi ninao, lakini ushahidi wenyewe ni sumu. Kama nitasimama Jumamosi nikasoma ile mashine ilichosema, nitakuwa nimewafundisha watu mia mbili. Wasipouona, wanabaki na neno langu tu. Na mimi ni nani? Mwanamke mstaafu aliyechekwa wiki mbili zilizopita.

Leo jioni mapema nimekwenda kwa mwenyekiti. Nilimfundisha darasa la tano, alikuwa mzuri wa ngonjera. Nilikuwa nimeandika kwa mkono, kutoka kichwani, swali na mistari miwili ya kwanza ya jibu. Yale yanayofuata sikuyaandika popote, na humu sitayaandika.

Amesoma akiwa amesimama. Kisha akakaa.

"Hii imesema yenyewe? Kwa Kishambaa hiki?"

"Yenyewe."

"Na wakubwa wa mradi wanajua?"

"Niliwaandikia. Wakasema imepita."

Mkewe alikuwa ana jiko la mkaa hapo uani. Mwenyekiti akaitia karatasi kwenye moto, akasubiri iishe. Akaniambia ameshawaahidi wageni. Picha zimepangwa, ngoma imealikwa. Kisha akaniuliza hali ya Mama.

Nimeondoka bila kujua yuko upande gani. Nimechoka na watu wanaouliza hali ya Mama.

Ijumaa, 26 Juni

Nimeacha kazi. Barua mistari mitatu. Sababu nimeiandika wazi: naombwa kuweka vema pasipostahili.

Fadhili aliisoma, akafunga mlango. Nilijiandaa kwa vitisho vya mahakama. Badala yake akasema ripoti yangu ya tarehe moja ameipeleka juu mara tatu, na mara zote tatu imerudishwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje, Mwalimu? Na mimi nimeajiriwa."

Nilitaka kumrukia. Wiki nne nimedhani niko peke yangu kwenye jengo lile, na mtu alikuwa hapo, ukuta wa pili, amekasirika kimyakimya kama mimi. Wangapi wako hivyo? Juu yake kuna wangapi, na juu ya hao? Jengo zima la watu waliokasirika kimyakimya, na mashine inatoka Septemba.

Nikamwambia kesho kwenye mkutano anaweza kusema ukweli. Akasema kesho ametumwa kuonyesha mashine. Akanifungulia mlango.

Jumamosi, 27 Juni

Najaribu kuandika kwa mpangilio.

Jua lilitoka. Akidi ilitimia kabla ya saa tano. Wageni walikuja na magari mawili, projekta, jenereta, spika. Ngoma ilichezwa. Fadhili akaiuliza mashine kwa Kiswahili kuhusu mnyauko wa viazi. Ikajibu vizuri mno. Kwa kweli vizuri. Nilimwona yule mkulima wa kabichi akiandika mkononi kwa kalamu. Makofi. Nikaona tumekwisha.

Mwenyekiti akanipa nafasi. Nikasema kifupi. Nimesema nimeacha kazi jana. Nimesema mashine hii, kwa Kishambaa, imenipa maelekezo ya kuwaua watu, na sitayasoma hapa kwa sababu hapa kuna watoto na kuna watu wazima pia. Nimesema niliripoti nikaambiwa lugha yetu ina wasemaji wachache. Hapo manung'uniko yakaanza. Nikasema sina cha kuwaonyesha. "Nimewafundisha wengi wenu. Kama niliwahi kuwadanganya, mnyanyue mkono."

Hakuna aliyenyanyua. Lakini macho yalirudi kwenye picha ya projekta, pale kiazi kilipokuwa bado kinang'aa.

Mgeni mmoja wa kampuni, mtanashati, akachukua kipaza sauti. Akasema kasoro ndogondogo zipo kila mahali, zitarekebishwa mbele ya safari, na ni hatari kubwa zaidi kubaki nyuma. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ni maneno yanayoingia vizuri.

Mwanahamisi alikuwa amesimama nyuma kabisa, na mama yake. Akanyoosha mkono. Mtendaji akasema si mkazi. Mwenyekiti akamwangalia mtendaji. Kisha akasema, "Ni mgeni wetu. Mgeni husikilizwa."

Hakupokea kipaza sauti. Aliongea kwa Kishambaa, polepole. Alisema baba yake amefanya kazi shamba la miti la Shume, na kila kiangazi, kabla ya kuchoma mabaki ya miti, walilima kwanza barabara ya kuzuia moto. Siku nzima, wakati mwingine wiki, watu wanakwangua ardhi tupu na hakuna kinachoonekana kufanyika. Bosi anaweza kukasirika. Shamba la jirani linaweza kumaliza mapema. Lakini hakuna mtu mwenye akili Shume anayetangulia kuwasha.

"Sikatai moto. Moto una kazi yake. Nauliza barabara iko wapi? Wanasema wataikata moto ukishawaka."

Hapo hapakupigwa makofi. Watu wote pale wana shamba. Wote wamewahi kuuona moto ukiruka.

Mama Neema akasimama. Nilimwogopa. Akasema yeye ndiye aliyeuliza, tukikataa sisi, si watapelekewa wengine. "Nimefikiri. Wengine nao wanatusubiri sisi." Akakaa.

Fadhili alikuwa anakunja waya. Yule mgeni mtanashati akamwuliza mbele ya watu, kwa sauti ya kumtaka athibitishe, kama hiyo ripoti ya mwalimu ni ya kweli. Fadhili akaendelea kukunja. Kisha akasema, "Ni ya kweli. Niliipeleka mimi."

Kura ilipigwa kwa mikono. Mtendaji alihesabu, wakabishana, akahesabu tena. Tumeshinda kwa kidogo sana. Mkulima wa kabichi alipiga dhidi yangu, akaja kunipa mkono.

Muhtasari ameuandika mwenyekiti mwenyewe. Mkutano haujaridhia. Mkutano utafikiria baada ya mashine kupimwa upya kwa Kishambaa mbele ya wanakijiji, na baada ya kuletwa kwa maandishi jina la atakayewajibika. Wageni waliondoka bila kula. Wali ukabaki mwingi, watoto wakafaidi.

Jumatano, 1 Julai

Kijiji cha akina Mwanahamisi kimekataa. Kingine kimesema kitasubiri. Viwili vimesaini, ngoma, picha, kila kitu.

Nilidhani nitafurahi. Nimekuwa nikizungukazunguka nyumbani kama kuku. Barua ya wapimaji imetumwa, kila nchi siku moja, na hakuna aliyejibu. Fadhili ameondolewa. Leo sokoni nimemwamkia mama wa mmoja wa wale watano wa ofisini. Akageuza uso. Kazi ya mwanawe iko hatarini na anajua ni kwa sababu yangu. Yuko sahihi.

Hakuna mtu anayekuambia hili. Unaambiwa jitokeze, sema. Huambiwi kwamba wanaoumia wa kwanza watakuwa majirani zako, na wale wa majengo ya vioo hata usingizi hawatapoteza, maana tangu mwanzo hawalali.

Jumatatu, 13 Julai

Mwanahamisi alipiga simu saa mbili asubuhi. Kampuni imetoa tangazo. Uzinduzi wa Septemba umeahirishwa, dunia nzima, "hadi upimaji wa lugha zote ukamilike". Hawakutaja vijiji. Hawakutaja barua. Wameandika kana kwamba ni wazo walilolipata asubuhi wakipiga mswaki.

Amenisomea mara mbili. Wenzetu wa nchi nyingine nao walikuwa wamekataa kuweka vema, na huko vijiji na mitaa vilikataa kama sisi. Mihtasari haikutosha. Wafadhili wakarudi nyuma. Hivyo ndivyo wanavyosema kwenye grupu. Sisi tulikuwa uzi mmoja kwenye kamba.

Mchana ikaja habari ya pili. Ofisi ya Lushoto inafungwa. Wote waliobaki, nje.

Nimekaa jikoni nimelia, kwa hasira zaidi. Wameahirisha, hawajaacha. Watapima, watasema tayari, wataanza tena mbio zao, na ile nyingine ya Oktoba labda itatoka hata hivyo. Tumepata miezi kadhaa. Kwa miezi hiyo watu kumi na wawili hawana kazi.

Jioni ujumbe kutoka kwa Fadhili, yuko Dar es Salaam anatafuta kazi. Rafiki aliyebaki ndani amemwonyesha orodha mpya ya lugha zitakazopimwa upya kabla ya kitu chochote kutoka. Kishambaa kipo. Ameandika: "Mwalimu, haijawahi kuwepo orodha hiyo."

Nimeusoma mara nyingi. Bado nina hasira. Lakini nimekula.

Jumamosi, 25 Julai

Baridi imepungua. Mwanahamisi alikuja juzi na viazi, tukakaa barazani. Ameanza kuwafundisha wanawake wa kwao kuzipima wenyewe mashine za namna hii zilizoko tayari kwenye simu zao, na kuandika wanachokiona. Hakuzungumzia siku ile ya kanga. Alipoondoka aliniambia nisikae sana kwenye upepo.

Imekuja barua kutoka upande wa Kwamkoro, ya karatasi kabisa, imeletwa na mchuuzi wa majani ya chai. Ni mwalimu wa huko. Wamepelekewa mradi kama ule, wa kampuni nyingine. Anauliza sisi tulifanyaje.

Nimekaa nayo asubuhi yote. Nilitaka kumwandikia mambo makubwa. Nimeishia kuandika yale ninayoyajua. Asome kanuni za mkutano wa kijiji kuhusu akidi. Aende nyumba kwa nyumba kabla ya mkutano, siyo baada. Asitumie maneno ya darasani. Akiona mwenzake anafukuzwa, asimame.

Mama alikuwa anaota jua pembeni yangu. Akauliza namwandikia nani. Nikasema mtu nisiyemfahamu, mwalimu, na kwa mwandiko wake naona amenizidi umri.

"Umemwamkia?"

Sikuwa nimemwamkia. Nimechukua karatasi nyingine, nikaanza upya kwa shikamoo.